Gumzo la Ukoo wa Ujiji: Mama, Baba Mdogo na Saidi wanakwenda Walvis Bay, Namibia

Ijumaa, baada ya Isha

Zainabu (Walvis Bay): Assalaam alaykum wote. Mama shikamoo, Baba Mdogo shikamoo, Shangazi shikamoo. Tiketi zimetoka, za mwezi wa saba. Mtatua Windhoek, mimi na Baba Idrisa tutakuja kuwapokea na gari, halafu ni kama kilomita 400 za lami mpaka huku pwani. Naomba tupange mapema mtatembea wapi. Tusipopanga, likizo yote itaishia sebuleni.

Mama: Marahaba mwanangu, alhamdulillah. Mimi naja kuona wajukuu. Huko jangwani kuna nini cha kutembelea zaidi ya mchanga na jua?

Zainabu: Mama, jua lenyewe siku nyingine hatulioni mpaka saa tano asubuhi. Njoo na sweta nzito, na Baba Mdogo achukue koti.

Shangazi Mwajuma: Koti jangwani? Wewe Zainabu!

Zainabu: Kweli Shangazi. Jangwa la Namib limelala pembeni ya Bahari ya Atlantiki, na bahari ya huku ni ya baridi kwa sababu ya mkondo wa Benguela unaopanda kutoka kusini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya yale maji inapoa, inageuka ukungu. Mvua haipati nguvu ya kutengenezwa. Hapa Walvis Bay kwa mwaka mzima mvua haifiki milimita 20, wakati Kigoma tunapata karibu 1,000. Lakini ukungu unaingia usiku, unasafiri makumi ya kilomita kwenda bara, na asubuhi paa la gari linachuruzika maji kama limeoshwa.

Mama: Subhanallah. Basi mimea inaishi kwa huo ukungu?

Zainabu: Mimea, wadudu, mijusi, wote. Ndiyo maana naomba siku ya kwanza tusipande kitu chochote cha kelele. Twende na mwongozaji asubuhi, tushuke, tutembee kwa miguu kwenye mchanga.

Saidi: Dada shikamoo. Mimi nimeshaona video za zile pikipiki za matairi manne zinapanda vilima vya mchanga. Na kuteleza kwa ubao. Naomba hayo yawe siku ya kwanza 🙏🏾

Zainabu: Marahaba Saidi. Utapanda, nakuahidi. Ila si siku ya kwanza.

Saidi: Kwa nini? Mchanga ni mchanga.

Zainabu: Wewe unapeleka wageni kuona sokwe Gombe. Mgeni akishuka Kasekela akakuambia "sokwe ni nyani tu, nipe boti nikimbize ziwani", utamjibuje?

Saidi: Nitamwambia akae kimya, afuate askari wa hifadhi, asubiri.

Zainabu: Haya. Na huku ndivyo hivyo. Yule mwongozaji anasimama mahali ambapo wewe unaona pakavu tu, anapiga goti, anapuliza mchanga taratibu kwa pumzi. Yanatokea macho mawili. Ni nyoka mdogo, macho yake yako juu ya kichwa, mwili wote umezikwa anasubiri mjusi apite. Akianza kwenda haendi mbele, anakwenda ubavu ubavu, anaacha mistari iliyolala juu ya mchanga. Mimi nimeishi hapa nikipita hapo hapo na gari bila kujua.

Shangazi Mwajuma: Nyoka? Mama yako usimpeleke huko.

Zainabu: Shangazi, mwongozaji ndiye anayetangulia, na wageni wanasimama mbali kidogo. Kuna mjusi pia ninayempenda kuliko wote. Ngozi yake unaona mpaka damu ndani, miguu ina utando kama bata ili asizame mchangani. Hana kope za kufumba, kwa hiyo ukungu ukitua kwenye macho anajilamba macho yake mwenyewe kwa ulimi. Anakunywa hapo hapo.

Mama: Anajilamba macho! Huyo nataka kumuona.

Zainabu: Na kuna mbawakawa, mdudu mweusi mdogo. Ukungu ukija anapanda mpaka kileleni mwa kilima cha mchanga, anaelekea upepo, anainua makalio juu na kichwa chini. Matone yanajikusanya mgongoni, yanateremka mpaka mdomoni. Huyo si kila siku utamkuta, lakini asubuhi ya ukungu mzito kuna bahati.

Baba Mdogo Hamisi: Waalaykum salaam. Nimetoka msikitini, ndiyo nasoma. Zainabu, umepanga vizuri. Hiyo ya kutembea kwanza mimi naiunga mkono. Saidi, sikiliza dada yako.

Saidi: Sawa Baba Mdogo. Lakini dada, pikipiki zikipita si zinawaua hao wanyama?

Zainabu: Swali zuri sana hilo. Zina maeneo yake. Kati ya Swakopmund na Walvis Bay, mwendo wa kilomita thelathini na kitu, kuna ukanda wa vilima vya mchanga, na kampuni zinazofuata utaratibu zinapita njia maalumu. Mchanga wa vilima unahamahama, upepo wa jioni unafuta alama. Pabaya ni kwenye zile mbuga za changarawe. Juu ya vijiwe pale kuna koga hai, zingine rangi ya machungwa, zinakunywa ukungu na kukua polepole mno. Gari likipita mara moja tu, alama ya tairi inakaa miongo na miongo. Kuna alama za zamani sana bado zinaonekana. Kwa hiyo ukikodi pikipiki, mfuate kiongozi nyuma yake, usichepuke hata kama unaona uwazi mtupu.

Saidi: Nimekuelewa. Nitamfuata.

Zainabu: Na kuteleza, unalala kifudifudi kwenye ubao mwembamba uliopakwa nta, unaachiwa kutoka juu. Kushuka dakika moja haifiki. Kupanda tena na ubao mkononi, hapo ndipo utajua mchanga ni nini.

Mjomba Hassani (Uvinza): Habari za huko wapwa. Mimi siji, lakini nauliza la kwetu. Nasikia Walvis Bay wanatoa chumvi?

Zainabu: Shikamoo Mjomba. Wanatoa, tena nyingi. Huko Uvinza maji ya chumvi yanatoka ardhini, huku wanaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa makubwa, jua na upepo vinayakausha. Baadhi ya mabwawa yanageuka waridi kwa vijidudu vinavyopenda chumvi. Pembeni hapo kuna heroe, wale ndege wa miguu mirefu, mamia kwa mamia, wanachuja chakula kwenye tope. Nikimpeleka Mama hapo hatulipi hata senti, tunatembea tu kando ya maji. Na Mjomba, barabara nyingi za pwani hii zilijengwa kwa chumvi hiyo hiyo: udongo wenye jasi unamwagiwa maji ya chumvi, unashindiliwa, unakauka mgumu karibu kama lami. Ila ukungu ukitua inateleza, Baba Idrisa anaendesha polepole mno.

Mjomba Hassani: Barabara ya chumvi! Hii nitawasimulia hapa kiwandani kesho.

Mama: Na baharini tutaingia? Mimi ziwa nimelizoea, bahari naiogopa.

Zainabu: Boti zinatoka asubuhi hapa ghubani, Mama, maji yametulia kuliko Tanganyika ikichafuka mwezi wa nane. Utaona pomboo, utaona wale ndege wakubwa, mwari, wanafuata boti, na sili, wale wanyama wa baharini, wengine wanaruka mpaka ndani ya boti wakiombaomba samaki. Kuna na chaza wabichi wanagawiwa, wewe utachagua kula au kuacha.

Mama: Kibichi nitaacha. Nitabeba dagaa wangu.

Zainabu: 😂 Beba, hapa hatuna wa kwetu. Wafunge vizuri, wakauke kabisa, na uwanja wa ndege tutawaonyesha waziwazi wakiuliza.

Saidi: Vipi ule mwambao wa mifupa, Skeleton Coast, wenye meli zilizokwama?

Zainabu: Hiyo ni kaskazini. Ukungu na mikondo vimekwamisha meli nyingi, na zamani baharia aliyefika ufukweni salama alikuta jangwa halina maji, kwa hiyo kunusurika baharini hakukutosha. Tutaishia karibu tu, kuna meli ya uvuvi iliyokwama mwaka 2008 jirani na mji wa Henties Bay, ndege wameifanya nyumba yao. Tukiendelea mbele tunafika Cape Cross, Mreno Diogo Cão alisimamisha msalaba pale miaka ya 1480. Sili wamelala kwa maelfu. Harufu yake ni kali, nawaambieni mapema, na kelele usiku na mchana. Mimi ningempeleka Saidi tu.

Saidi: Na Sossusvlei?

Zainabu: Mbali, saa nne au tano kwa gari, lazima kulala. Pazuri sana: vilima vyekundu, na bonde jeupe lenye miti iliyokufa mamia ya miaka iliyopita, imesimama kwa sababu hewa ni kavu, haiozi. Mchanga uliuzuia mto usifike tena. Lakini kwa magoti ya Mama, hapana. Safari ijayo.

Baba Mdogo Hamisi: Sasa nami nina ombi langu moja. Pale Swakopmund kuna makaburi ya Waherero na Wanama, wenyeji wa nchi hiyo. Nataka kufika.

Zainabu: Yapo Baba Mdogo. Pembezoni mwa mji, upande wa mto mkavu. Vichuguu vidogo vidogo vya mchanga, safu kwa safu, havina majina.

Baba Mdogo Hamisi: Ndiyo hapo. Vijana wajue hili kabla ya kwenda kupiga picha za majumba ya Kijerumani. Mji ule Wajerumani waliuanzisha 1892. Kati ya 1904 na 1908 waliwaua Waherero na Wanama, wengine wakawafukuzia jangwani wafe kwa kiu, na waliobaki wakawafungia kambini, mojawapo hapo hapo Swakopmund, wakafanyishwa kazi kwenye baridi hiyo anayosema Zainabu. Serikali ya Ujerumani imekuja kukiri kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 2021. Miaka ile ile sisi tulikuwa na Maji Maji. Na stesheni yetu hapa mwisho wa reli, na meli ya Liemba pale bandarini, vyote ni vya mkono wa serikali ile ile. Kwa hiyo mimi siendi kama mgeni.

Shangazi Mwajuma: Allah awarehemu.

Baba Mdogo Hamisi: Amin. Na jingine. Vijana wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, walikaa Kongwa, Dodoma, miaka ya sitini, wakifanya mazoezi ya kuikomboa nchi yao. Mimi nilikuwa mdogo, lakini redioni tulikuwa tunasikia. Wakapata uhuru 1990. Walvis Bay yenyewe Afrika Kusini iliendelea kuishikilia mpaka 1994. Nikikutana na mzee yeyote aliyepita Kongwa, nitamsalimia kwa Kiswahili.

Zainabu: Baba Mdogo, tukiwa Windhoek nitauliza kama kuna mzee wa namna hiyo. Nakuahidi. Na makaburini tutakwenda asubuhi ya siku ya pili, kabla ya kuingia mjini. Nadhani ukishaona pale, zile nyumba utaziangalia vingine.

Mama: Mimi nitakwenda na wewe shemeji. Nitasoma Fatiha.

Saidi: Na mimi. Pikipiki ziende siku ya tatu.

Zainabu: Ahsante mdogo wangu. Imebaki Sandwich Harbour, upande wa kusini, pale vilima vya mchanga vinaingia moja kwa moja baharini. Gari linapita kwenye kamba nyembamba ya ufukwe, mkono huu ukuta wa mchanga, mkono ule mawimbi. Siendi na gari letu. Ni lazima dereva anayepajua na mwenye kibali, kwa sababu maji yakijaa ile njia inatoweka.

Saidi: Yanajaa saa ngapi?

Zainabu: Inabadilika kila siku. Ziwa letu halina kujaa na kupwa unakoweza kukuona, ndiyo maana hamjazoea. Dereva anaangalia jedwali ndipo anakuambia muondoke alfajiri au mchana, na akisema hapana siku hiyo, ni hapana.

Baba Mdogo Hamisi: Huyo ndiye dereva wa kumlipa.

Zainabu: Kesho nampigia aniangalizie siku inayofaa. Saidi, nitumie namba ya kiatu chako. Na yule mwongozaji wa asubuhi nimemwambia kuna kijana anatoka Gombe, amesema ukitaka ubaki naye siku nyingine nzima, bila wageni, akufundishe kusoma nyayo.

Saidi: Dada!! Mwambie nakuja. Kiatu namba 42.