Tupeane uzoefu: Umewahi kumwambia mteja ukweli kuhusu mkoba wa ngozi, ukapoteza mauzo?

MshonaMikoba

Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi wa mikoba ya ngozi pale Kariokor, huu ni mwaka wa kumi na moja. Leo mchana mama mmoja alipenda mkoba wa shilingi 6,500. Alishautia begani, akajitazama kwenye kioo, simu iko mkononi alipe kwa M-Pesa. Nikainua kifuniko nikamwonyesha kovu kwa chini, mstari wa urefu wa kidole, kumbukumbu ya mwiba uliomchana ng'ombe enzi zake. Nikamwambia, "Mama, hapa hapapasuki, ila ujue pako." Akaniangalia, akaangalia kovu, akasema atapita kesho. Nyote mnaijua hiyo kesho.

Jirani wa kibanda cha pili alicheka mpaka akakaa chini.

Mjomba aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sharti moja: mkoba haufungwi kwenye karatasi kabla hujataja kasoro yake kwa mdomo wako. Na ngozi za ng'ombe wa wafugaji wetu zina kasoro nyingi: miiba, kupe, chapa ya moto. Ile inayong'aa bila doa mara nyingi imeparuzwa uso ikapakwa rangi nzito ya kufunika. Sasa mteja akiziona mbili pamoja, yangu ndiyo inaonekana mbovu!

Leteni visa vyenu, muuzaji au mnunuzi. Mahubiri tuyaache ya Jumapili.

BintiWaUmoja

Changu ni cha mnunuzi. Nilipopata kazi ya kwanza nilitaka mkoba wa kiofisi. Kijana mmoja katikati ya mji akaniuzia kwa 3,800, "ngozi halisi, siste, nikuonyeshe." Akatoa kiberiti cha gesi akapitisha moto juu ya mkoba, haukushika. Nikalipa nikiwa na furaha.

Ukaja ule msimu wa baridi wa Julai. Mkanda ukaanza kutoa magamba kama tilapia. Asubuhi nikishuka matatu nina vipande vyeusi kwenye blauzi, na pale ulipochubuka unaona kitambaa cheupe cha wavuwavu. Mwenzangu ofisini akaniuliza kama nimekaa kwenye masizi. Nilirudi na risiti, akaniwekea kidole pale chini palipoandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Pesa nilishasamehe. Kinachoniuma ni ule moto. Alijua anachofanya.

MshonaMikoba

Pole dada. Moto wa kupitisha haraka hauchomi chochote, hata kidole chako hauchomi. Ukikata kauzi ka ngozi halisi ukakachoma kweli, kananuka nywele zilizoungua, na plastiki inayeyuka na kuvuta. Lakini nani atakubali umchomee mkoba? Tazama ukingo uliokatwa, mahali ambapo hapajakunjwa. Ngozi ina nyuzinyuzi zilizosongamana toka juu hadi chini. Bandia ina tabaka mbili, ngozi ya plastiki na kitambaa, kama mkate uliopakwa siagi. Kama kingo zote zimekunjwa ndani zikashonwa, omba kuona upande wa ndani wa mkanda. Na usitishwe na muhuri wa "Genuine Leather". Hata ile ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa rangi inaupata.

KameraYaGikomba

Sisi wa mitumba mmetusahau. Nafungua belo la mikoba alfajiri, kamera, yaani ile mizuri ya daraja la kwanza, zinaondoka kabla ya saa moja. Siku moja nilimuuzia mzee kimkoba cha kahawia kwa 400, nimechoka, sikukitazama. Juma lililofuata akarudi. Nikajua ni malalamiko, nikajipanga.

Akaniambia, "Mama, ulijipunja mwenyewe. Hii ni ngozi iliyolainishwa kwa magome, ya kizamani, haina ile kemikali ya siku hizi." Akaweka 600 mezani. Nikakataa, akaacha, akaenda. Kumbe alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha ngozi.

Tangu hapo nanusa kila mkoba kabla ya kutaja bei. (Magome yenyewe ni ya ule mti ambao sisi tuliokulia Murang'a tunauita muthanduku. Tulikuwa tunaukata kuni, hatujui.)

AmiWaEastleigh

Assalaam aleikum. Marehemu baba aliuza mikoba na viatu. Mteja akikuta aibu iliyofichwa, kwetu ana khiyari ya kurudisha, na hilo huwezi kulifuta kwa kuandika maneno chini ya risiti. Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na habari anazohitaji. Baba hakuisubiri hiyo Katiba. Siku ya mvua alikuwa anakataa kuuza mkoba wa rangi nyeusi kabla hajaufuta kwa kitambaa cheupe chenye maji mbele ya mteja. Ukitoa rangi, anaurudisha ndani. Tulikuwa tunalala na deni, msidhani ni hadithi tamu.

MwenyeKodi

Mnaongea kama watu wasio na lendilodi. Eti kizuri chajiuza? Mjini hapa kibaya ndicho kina kipaza sauti.

Naomba niungame basi. Nauza mikoba ya kutoka nje, bandia. Miaka miwili nilikuwa nasema "ngozi" tu, mteja ajimalizie mwenyewe. Mwaka huu nimeandika kwenye kadi ya bei: NGOZI BANDIA, 1,500. Mwezi wa kwanza mauzo yalianguka. Sasa yamerudi kidogo, wanafunzi wa chuo hawajali. Lakini ikifika tarehe tano na kodi haijatimia, ile kadi huwa inageuka kwa upepo. Upepo wa mkono wangu. Nisingeweza kuandika haya kwa jina langu.

AmiWaEastleigh

Umesema zaidi ya wengi, dada yangu.

MshonaMikoba

Yule mama hajapita. Niliutundika mkoba nje, kovu likitazama barabara. Jioni kijana mmoja akalipapasa kwa kidole, akaniuliza hiyo nakshi nimeifanyaje na kama naweza kumshonea miwili yenye mstari kama huo. Nikamweleza ni mwiba, siwezi kuuagiza. Akaona namficha siri ya kazi.

BintiWaUmoja

Weka picha. Nina 5,000.

MshonaMikoba

6,000, kovu nakuongezea bure. Njoo na kitambaa cheupe na maji, uufute mwenyewe kama baba yake Ami.