Tupeane uzoefu: ule ukurasa wa Dogger kuuzwa, mnamsomeaje mtoto?

Mama Kurasa
Wadau, picha ya jalada la Dogger iliyobandikwa humu imenikumbusha mjadala ambao hatujawahi kuumaliza. Nazungumzia kile kitabu cha picha cha watoto alichokiandika na kukichora Shirley Hughes mwaka 1977, siyo cha Krismasi kilichotoka 2020. Mtoto Dave anampoteza Dogger, mbwa wake wa kitambaa mwenye sikio moja juu na jingine limelala, kisha anamkuta kwenye gulio la shule, kwenye ile meza ya midoli. Mkifika pale Dogger yuko mezani na kikaratasi cha bei, peni 5, kisha Dave anarudi na kukuta ameshanunuliwa, mnasomaje? Mnapunguza kasi? Mnaruka? Mnaeleza? Semeni na umri wa mtoto, maana wa miaka miwili na wa miaka mitano hawasikii kitu kimoja.

Msomaji wa Usiku
Ukurasa huo huo. Sauti hukauka hapo hata kwa mtu anayejua mwisho wake.

Babu Hadithi
Tatizo la ukurasa ule halianzii pale. Linaanzia kwenye uzio wa shule. Mama amekwenda na Dave na mdogo wake Joe kumchukua dada yao mkubwa, Bella, na Dave anamkandamiza Dogger kwenye nondo ili naye aone watu wakiandaa gulio. Maandishi hayatangazi kwamba hapa ndipo pa kupotea. Usiku wa kwanza nawe usitangaze. Usiku wa pili rudi kwenye uzio, uliza tu, "Hapa Dogger yuko wapi?" Mtoto wa miaka minne atakaa na swali hilo mpaka gulio lifike.

Kisha kuna usiku wa kutafuta. Nyumba nzima inapekuliwa, baba anatoka nje na tochi, Bella anamwazima Dave tedi wake mmoja, yaani dubu wa kuchezea. Wengi hupita hapa mbio kwa sababu hakuna kinachopatikana. Msipite mbio. Mtoto anahitaji kuona kwamba watu wazima walitafuta kweli, la sivyo kesho yake ataamini Dogger alipotea kwa kuwa hakuna aliyejali.

Sasa gulio. Watu huhesabu pigo moja, wakati yapo manne. Dave anamwona Dogger mezani. Anajaribu kumweleza mama anayeuza, naye ana wateja, hasikii. Pesa ya Dave haitoshi. Anakimbia kutafuta msaada, anampata Bella, wanarudi, na Dogger ameshakwenda na msichana mdogo. Kila pigo lipewe pumzi yake. Shusha sauti badala ya kuipandisha. Shika pembe ya karatasi kabla ya kufunua, vuta pumzi mbili, ndipo ufunue. Kidole chako kibaki kwenye picha, kisiwe kwenye maandishi, kwa kuwa mtoto asiyesoma anafuata kidole.

Makosa mawili yanaharibu kila kitu. La kwanza ni kuongeza maneno yako, "maskini Dave jamani". Hughes hakuyaandika, ameyachora: tazama mabega ya mtoto yule. Ukishasema wewe, mtoto anaacha kutazama picha na kukutazama usoni ajue alie au asilie. La pili ni kukimbilia Bella ili umwokoe msikilizaji. Ukiharakisha, huzuni inabaki haijamezwa, na ndipo unamsikia akisema "rudi nyuma" mara tatu, au anafunga kitabu kwa mkono wake.

Mkutubi
Shikamoo Babu. Hilo la kidole liandikwe kwenye ukuta wa kila chumba cha watoto cha maktaba.

Babu Hadithi
Marahaba.

Mwalimu wa Chekechea
Napingana na Babu kwa heshima. Kwa kundi la watoto kumi na zaidi waliokaa chini, haifai kuficha. Mmoja akianza kulia wanalia wote, na hadithi imekufa. Kabla ya kufungua jalada sema waziwazi: "Dogger atapotea, kisha atapatikana. Kazi yenu ni kuangalia nani atamsaidia Dave." Hamu ya kusikiliza haipungui. Inahama kutoka "je, atapatikana?" kwenda "atapatikana vipi?", na swali hilo la pili ndilo zuri kuliko yote kitabuni.

Msomaji wa Usiku
Ukishasema mwisho, umemnyima mtoto kitabu, mwalimu.

Mwalimu wa Chekechea
Sijamnyima. Watoto huomba kitabu kile kile kila usiku huku wakijua mwisho. Wangekuwa wanataka kushtukizwa tu wasingerudia.

Msomaji wa Usiku
Kurudia wanarudia kwa sababu ile mara ya kwanza iliwashika. Unaiondoa ya kwanza unabaki na nini?

Shangazi Kalamu
Nyote mko sawa, mnazungumzia vyumba viwili tofauti. Mapajani, ficha. Mkekani na kundi, sema. Tuendelee.

Mimi naomba tumjadili yule msichana aliyemnunua Dogger, kwa sababu wasomaji wazima wanamsoma vibaya sana. Wanamtilia sauti ya ukorofi. Hajaiba. Kanunua kwa pesa yake, mbele ya watu, kitu kilichokuwa kinauzwa. Anapokataa kukirudisha ana haki, na anapolia analia kweli. Ukimsomea kwa sauti ya kisirani unamgeuza adui, na tendo la Bella linashuka thamani: inakuwa amemhonga adui. Bella ametoka kushinda dubu mkubwa kwenye bahati nasibu, anamtoa papo hapo abadilishane na Dogger. Anampa mtoto mwenye haki aliyeko upande wa pili wa haki ya mdogo wake. Someni maneno ya msichana kwa sauti ile ile mnayompa Dave. Mtaona watoto wa miaka mitano wanaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe nani alikuwa sahihi.

Kaka Mkubwa
Shangazi, samahani, kitu cha mtu hakiuzwi kwa kuwa tu kimefika mezani. Dogger alikuwa wa Dave siku zote.

Shangazi Kalamu
Wake, ndiyo. Lakini nani amwambie mtoto wa miaka minne arudishe alichonunua kwa hiari yake? Kitabu hakimwiti mtu mzima aje kuamua, na ndiyo uzuri wake. Watoto wanamaliza wenyewe.

Kaka Mkubwa
Peni zake 5 angerudishiwa, yakaisha.

Mkutubi
Angerudishiwa peni, Bella asingekuwa na la kufanya kitabuni. Hata michoro inamwandaa mapema: ni yule yule anayelala na tedi saba kitandani mpaka anabanwa ukutani. Mtoto mwenye tedi saba akitoa wa nane, tayari unajua kwake tedi ni nini. Ndiyo maana ukurasa wa tedi saba usirukwe hata kama mtoto ana usingizi.

Mdau Mpya
Nina swali la kando. Mtoto akipoteza mdoli wake halisi, si unanunua mwingine kama ule ule? Kwa nini kitabu hakijafanya hivyo?

Daktari wa Midoli
Kwa sababu haifanyi kazi, na limepimwa. Mwaka 2008 wanasaikolojia Bruce Hood na Paul Bloom waliwaonyesha watoto wa miaka 3 hadi 6 mashine ya kuigiza iliyoonekana kama inanakili vitu: masanduku mawili, taa, na kitu "kinatokea" mara mbili. Kwa mdoli wa kawaida watoto wengi waliichukua nakala bila shida. Kwa mdoli wanayelala naye wengi walitaka ule wa asili urudishwe, na wengine walikataa hata usiingizwe sandukuni.

Ukitaka wa akiba, wanunue wawili mwanzoni kabisa na uwazungushe kila wiki. Wachakae pamoja, wanuke pamoja, manyoya yaishe sehemu zile zile. Wa akiba aliyekaa kabatini akiwa mpya hafui dafu, mtoto anamtambua kwa shavu kabla ya kumtambua kwa macho.

Na msimfue ovyo. Donald Winnicott, daktari wa watoto Mwingereza, aliandika tangu 1953 kwamba mama huacha kitu cha aina hii kichafuke na kinuke, maana kukiosha kunakata mfululizo ambao mtoto ameujenga nacho.

Fundi Sindano
Kunuka kuna mwisho wake, daktari. Mfueni asubuhi, mtoto akiona, siyo usiku kwa siri. Mtie ndani ya foronya na uifunge, maji yasizidi nyuzi 30, sabuni kidogo. Mkamue kwa kumkandamiza ndani ya taulo, usimsokote, kwa sababu kusokota kunasogeza pamba na shingo inalegea. Nje hukauka kwanza, ndani mwisho: ukibonyeza tumbo na kusikia ubaridi, bado. Akirudishwa kitandani hivyo anaota ukungu. Kabla ya yote vuta macho na vifungo uone kama vimeshika.

Msomaji wa Usiku
Naongezea: shona jina la simu chini ya mkia.

Fundi Sindano
Namba ya simu, siyo jina. Na uishone kwa uzi, wino wa kalamu unafutika.

Mama Kurasa
Jamani mjadala umehama kabisa, lakini sawa. Kwa kutafuta, kitabu chenyewe kinafundisha. Familia ya Dave ilipekua nyumba, wakati Dogger hakuwa ameingia nyumbani. Anzeni na saa, nyumba baadaye. Uliza: ni lini mikono ya mtoto ilishika kitu kingine? Chakula, kamba za viatu, reli ya ngazi, mkono wa rafiki. Hapo ndipo mdoli hutuliwa. Rudini njia ile ile kinyumenyume na mtazame kwenye kimo cha kiuno cha mtoto: kingo, viti, uzio.

Fundi Jalada
Nyote mnasoma kila usiku na hakuna aliyetaja kwamba kitabu chenyewe kinakufa. Chenye jalada gumu hufia kwenye bawaba, pale jalada linapokutana na kurasa. Chukua gundi nyeupe ya PVA isiyo na asidi, chovya sindano ya kufumia, ipanguse ibaki na utando mwembamba. Ingiza kwenye uwazi wa mgongo, izungushe huku ukiitoa. Weka karatasi ya nta ndani ya majalada yote mawili, funga, lundika vitabu vizito juu, usikifungue mpaka kesho yake. Gundi ikizidi itavuja na kugandisha kurasa za kwanza, na hizo hazibanduki bila kuchanika.

Ukurasa uliochanika usiutie selotepu. Gundi yake inageuka njano, inazama kwenye karatasi, kisha utepe unabanduka na doa linabaki juu ya rangi za Hughes. Tumia karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano.

Mwalimu wa Chekechea
Asante fundi. Kuna wenye kutumia Knuffle Bunny ya Mo Willems, kitabu kingine cha mdoli aliyepotea, badala ya hiki? Ile ya 2004, yenye wahusika wa kuchorwa juu ya picha halisi za Brooklyn.

Mkutubi
Natumia, lakini kwa wadogo zaidi. Trixie, mtoto aliyepoteza sungura wake wa kitambaa, hajajua kusema, kwa hiyo mtoto msikilizaji anajua sungura yuko wapi kabla ya baba yake, na furaha ni ya kumzidi mtu mzima akili. Kwa Dogger mtoto hana cha kumzidi mtu, anasubiri kama Dave. Miaka miwili anza na sungura, miaka mitatu na nusu kwenda juu mpe Dogger. Aliye chini ya hapo mwonyeshe picha tu, za gulio na mbio, bila maandishi.

Kaka Mkubwa
Hivi Bella aliposema kitandani kwamba yule dubu macho yake yalikodoa mno, alisema kweli?

Shangazi Kalamu
Usimwulize mtoto hilo. Msomee, ufunge kitabu. Atakuuliza yeye siku akiwa tayari.

Kaka Mkubwa
Mimi nilikuwa nakuuliza wewe.

Shangazi Kalamu
Hakusema kweli. Au ilikuwa kweli kufika usiku ule. Mimi husoma kana kwamba ni kweli, kwa sababu Dave ameamini.

Mkutubi
Wanaotafuta nakala za zamani: Marekani kiliwahi kutoka kwa jina la David and Dog. Mkikutana na jina hilo ndicho hicho hicho, msikiache.