Noah ya kulala, watu wawili, juma moja: Kilwa, Bagamoyo–Tanga au Iringa?

Noah_ya_Tabata

Wadau, heshima kwenu. Mimi na mke wangu tuna Toyota Noah tuliyoitoa viti vya nyuma, fundi seremala akatupigia kitanda cha mbao chenye droo chini yake. Jiko la gesi la plati moja lipo, madumu ya maji yapo, vyandarua vimeshonwa kwa kipimo cha madirisha. Likizo zetu zimekutana mwishoni mwa Juni, tuna juma moja. Mwenzangu ni mwalimu wa historia sekondari. Miaka yote anawaeleza wanafunzi habari za Kilwa na vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani akiwa na chaki mkononi, sasa anataka azione kuta zenyewe. Hoteli na wanyama si haja yetu safari hii.

Tumebakiwa na njia tatu. Kaskazini: Bagamoyo na magofu ya Kaole, kisha Tanga kwa ajili ya magofu ya Tongoni na mapango ya Amboni. Kusini: Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, na kuvuka bahari kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Bara: Iringa, kuona zana za mawe za Isimila na Kalenga ya Mkwawa. Mimi navutwa na kaskazini kwa sababu vituo ni vingi na mafuta yatakwenda kidogo. Yeye ni Kilwa tu. Mliowahi kulala kwenye gari njia hizi, tusaidieni.

Mwana_wa_Kivinje

Mkuu, msikilize shemeji.

Magofu hayataki haraka. Ukitaka Bagamoyo, Tongoni na Amboni ndani ya juma moja, saa nyingi utakuwa kwenye usukani, na kila ukifika mahali utapiga picha mbili uondoke. Kilwa unaendesha siku ya kwenda na siku ya kurudi. Kati ya hapo gari limetulia, maana Kivinje na Masoko zinaachana kama kilomita 30 tu.

Sasa Kisiwani kwenyewe. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri na ujenzi wake. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11, ukaja kupanuliwa sana karne ya 14 chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ingieni asubuhi, jua likiwa bado la upande, msimame chini ya kuba mtazame juu: mawe ya matumbawe na chokaa, bila nondo hata moja, na kuba nyingine bado zimeshika. Kisha nendeni kwenye nyumba za zamani mpime upana wa vyumba kwa hatua. Ni vyembamba na virefu, kwa sababu dari ililala juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali. Mwalimu akishaliona hilo kwa macho yake atalifundisha tofauti kabisa.

Husuni Kubwa iko pembeni, nje ya mji, juu ya ukingo unaotazama bahari. Hapo ndipo kwenye lile birika la pembe nane. Watu wengi huiacha kwa sababu ya kutembea juani, na mimi naumia kila nikisikia mtu amevuka hadi Kisiwani akarudi bila kufika. Utajiri wa mji ule ulikuwa dhahabu iliyopita Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo. Sarafu ya Hasan bin Sulaiman imepatikana hadi Great Zimbabwe. Ukikaa pale Husuni na habari hiyo kichwani, unaelewa kwa nini mtu alijenga jumba la vyumba zaidi ya mia.

Taratibu: kibali mnachukua Masoko, kwenye ofisi ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori), pamoja na mwongozaji. Msipande boti kabla ya hapo.

Fundi_Kimara

Barabara ya kusini ni lami mwanzo mwisho: Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Somanga, halafu Nangurukuru unakata kushoto. Juni mtapita vizuri. Msithubutu masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ile pale Somanga, na magari yalikwama pande zote mbili.

Kwa Noah iliyobeba kitanda cha mbao, angalia springi za nyuma na upepo wa tairi kabla ya kutoka. Spea iwe nzima, na jeki iwe mahali unapoweza kuifikia bila kutoa godoro. Jaza mafuta Kibiti au Ikwiriri usisubiri taa iwake. Na kila unapoona kibao cha 50, shuka 50 kweli. Trafiki wa tochi, wale wa kupima mwendo, wapo.

Binti_Mzizima

Kaka wa Kivinje nimekusikia, lakini Bagamoyo mnaipita haraka mno humu ndani. Watu wa Dar tunaijua kwa samaki wa kukaanga na matamasha, tukishakula tunarudi. Kaole hatufiki.

Kaole iko kama kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo. Kuna msikiti wa karne ya 13, miongoni mwa misikiti ya kale kabisa katika pwani ya bara, na makaburi yenye nguzo. Sogea karibu na nguzo hizo. Utaona mashimo ya duara yaliyochongwa kwenye jiwe: humo mlikuwa na mabakuli ya kaure kutoka China, yamepachikwa kama pambo. Bakuli limeondoka, alama ya kitako chake imebaki. Pia kuna kaburi moja ambalo waongozaji watakuambia wamelala mume na mke pamoja. Mkiwa wawili mtasimama pale kidogo, sina shaka.

Mjini kwenyewe kuna Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Kwenye mnara wa misheni ndimo mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi, ulimolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Kinachonigusa mimi ni waliouleta. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliubeba kwa miguu kutoka Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, kwa miezi. Nikiwa pale nawafikiria wao zaidi ya huyo aliyebebwa.

Dada mwalimu, Bagamoyo ndiyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka walipohamia Dar mwaka 1891. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vya 1888 na 1889 viligusa mji huu na Pangani, na Pangani ndiko Abushiri mwenyewe aliponyongewa Desemba 1889. Hiyo nayo iko kwenye mtaala.

Kwa Tanga naungana na kaka. Kutoka Bagamoyo mnapita Msata, mnaingia barabara ya Segera, kisha Muheza. Ni mbali kwa kwenda kuona Tongoni, ambako nguzo nyingi za makaburi zimeshaanguka. Waiweke safari yake peke yake.

Mhehe_wa_Mbezi

Kamwene! Naona bara imesahaulika kama kawaida.

Mnazungumza karne ya 11 na ya 13. Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini, mtashika zana za mawe zilizochongwa na watu wa kale zaidi ya miaka laki mbili iliyopita. Mashoka ya mkono yamelala pale pale yalipokutwa, na mengine hayaingii kwenye kiganja kimoja. Kisha mnashuka korongoni kwenye zile nguzo ndefu za udongo na mawe zilizochongwa na maji na upepo.

Kalenga kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Agosti 1891 jeshi lake lilimpiga kamanda wa Wajerumani, von Zelewski, pale Lugalo, ngome ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, na yeye akajiua Julai 1898 kuliko kukamatwa. Fuvu lake lilitajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudishwa nyumbani 1954. Sisi tukiingia chumba kile tunavua kofia.

Kwa kulala kwenye gari Iringa ni raha, hakuna joto wala mbu wa pwani. Chukueni blanketi zito tu, Juni baridi ni kali.

Fundi_Kimara

Iringa ni karibu kilomita 500, kaka. Hifadhi ya Mikumi unapita pole pole kwa ajili ya wanyama, ukimgonga mmoja faini yake si ya mchezo. Halafu kuna mlima wa Kitonga. Noah yenye mzigo kupanda Kitonga nyuma ya semi-trela, injini inachemka. Kushuka ndiyo hatari zaidi: gia ndogo, usikanyage breki mfululizo. Safari ni nzuri, lakini kwa juma moja na gari hilo mimi ningeiweka ya mwisho.

Noah_ya_Tabata

Asanteni sana. Maswali mawili kwa wa Kilwa. Tukivuka Kisiwani, gari linabaki wapi? Na usiku tunalala wapi bila kumsumbua mtu?

Mwana_wa_Kivinje

Masoko kuna nyumba za wageni na kambi za ufukweni zenye uzio na mlinzi. Ongea nao, mlipie kuegesha na kutumia choo na bafu, mlale ndani ya gari lenu. Siku ya kuvuka liacheni hapo hapo. Msiliache ufukweni peke yake na vitu vinaonekana dirishani.

Mkitaka kulala kijijini, nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya kijiji mjitambulishe kabla giza halijaingia. Watu wa Kilwa ni wakarimu. Kinachowatia wasiwasi ni gari lililoegeshwa usiku halijulikani la nani. Jiko la gesi likae nje ya gari wakati wa kupika, na mtungi ufungwe kabla ya kulala.

Mama_wa_Kurasini

Wanangu, niongeze moja. Kisiwani si magofu matupu, kuna watu wanaishi, wengi wao Waislamu. Vaeni kwa stara, wewe binti beba kanga mbili. Msipande juu ya kuta kwa ajili ya picha. Na ufukweni mtaviona vigae vya vyombo vya kale vimetapakaa mchangani, vizuri mno, vya bluu na vyeupe. Viacheni vilale hapo hapo. Kila anayeweka kimoja mfukoni anaondoka na ukurasa ambao hakuna mwingine atakayeusoma.

Mwalimu_Form_Three

Ndiye mke mwenyewe, nimefungua akaunti leo. Shikamoo mama wa Kurasini, nimekusikia.

Nilikuwa nimeing'ang'ania Kilwa kwa sababu ya Kisiwani, lakini mnisaidie jambo moja zaidi. Maji Maji ninaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huniuliza Kinjikitile, kiongozi wa vita vile, alinyongewa wapi. Ninajua ni Mohoro, Agosti 1905. Njia ya kwenda Kilwa inapita karibu na Mohoro? Na Kivinje kwenyewe kuna la kuona au ni nyumba zilizobomoka tu?

Hoja ya Iringa imenigusa sana, hasa habari ya fuvu. Mume wangu ameshakubali iwe safari ya likizo ndefu ya Desemba, na Kitonga tutaipanda bila kitanda.

Mwana_wa_Kivinje

Marahaba kwa niaba ya mama, dada. Ndiyo, Mohoro mnaikuta baada ya kuvuka Rufiji, si mbali na barabara kuu. Simameni, muulize wazee.

Kivinje usiiite ya kubomoka. Kuna boma la Wajerumani ufukweni, kuna mitaa ya nyumba zenye milango ya nakshi, na kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga, ambapo wapiganaji wa Maji Maji walinyongwa. Tembeeni na mzee wa mji na si na simu. Nyumba nyingi zinaanguka kila masika na hakuna anayezishika, kwa hiyo mkizichelewesha miaka mitano hamtazikuta zote. Hilo linaniuma kama mtu wa pale.

Mpango wangu kwenu: siku ya kwanza mtoke Tabata alfajiri kabla ya foleni ya Mbagala, msimame Mohoro, mlale Kivinje. Siku ya pili Kivinje nzima. Ya tatu Masoko, mchukue kibali na kupumzika. Ya nne Kisiwani. Ya tano kisiwa cha Songo Mnara chenye magofu yake, au Kisiwani tena kama Husuni imewashika. Ya sita na ya saba mrudi bila papara.

Binti_Mzizima

Nimekubali kushindwa na Kilwa, lakini kabla ya kwenda jaribuni kitanda chenu usiku mmoja Bagamoyo. Jumamosi asubuhi mnapita Kunduchi kuona makaburi na gofu la msikiti, mchana Kaole, mnalala, Jumapili mnarudi. Kama droo inagonga au chandarua kina tundu mtajua mkiwa kilomita 70 kutoka nyumbani.

Noah_ya_Tabata

Hilo tumelichukua, Jumamosi hii tunaondoka. Kaka wa Kivinje, la mwisho: kuvuka ni saa ngapi vizuri?

Mwana_wa_Kivinje

Asubuhi, mkuu. Juni kusi inavuma, na mchana mlango wa bahari pale unachafuka. Kisiwani ni karibu, kama kilomita 2, dau lenye mashine halikawii. Songo Mnara ndiyo inataka hesabu ya maji: muulize nahodha jioni yake maji yanajaa saa ngapi, maana yakiwa yamekupwa mtashuka mbali na kutembea kwenye tope la mikoko. Beba viatu vya kulowa, maji ya kunywa ya kutosha wote wawili, na fedha taslimu.