Hedifoni zisizo na waya za kukimbilia: saa mkononi, simu nyumbani

Alfajiri_Msasani:
Wakuu, habari za leo. Naombeni ushauri kwa wale mnaokimbia.

Nina saa ya michezo inayohifadhi nyimbo, nia yangu simu ibaki nyumbani. Nakimbia kabla hakujapambazuka: natokea Msasani, Coco Beach, napanda Daraja la Tanzanite hadi Barabara ya Barack Obama, halafu nageuza. Hedifoni nilizonazo ni hizi ndogo za kuchomeka masikioni. Nikiwa ndani zinaimba vizuri kabisa. Nikifika darajani zinaanza kukatakata, zote mbili kwa pamoja. Saa navaa kushoto.

Kingine ni usalama. Saa hizo kuna bodaboda wanapita bila taa, na mimi nataka niisikie pikipiki ikiwa bado iko mbali nyuma yangu. Bajeti yangu haivuki laki tatu. Je, ninunue hedifoni nyingine au saa ndiyo mbovu?

FundiMasafa:
Dada, usinunue kitu kwanza. Saa ni nzima, na inawezekana hedifoni nazo ni nzima. Kinachoziba ni mwili wako.

Bluetooth inatumia mawimbi ya 2.4 GHz, na mawimbi hayo yanamezwa na maji. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji. Ukiwa chumbani, mawimbi yanayotoka kwenye saa yanagonga ukuta, dari, kabati, yanarudi na kukufikia sikioni kwa njia ya kuzunguka. Pale darajani kuna bahari kushoto na bahari kulia, hakuna cha kuyarudisha. Imebaki njia moja tu, ya moja kwa moja kutoka mkononi hadi sikioni, na katikati yake kuna kifua na kichwa.

Sasa angalia hili. Hedifoni nyingi za aina yako, upande mmoja ndio unaopokea sauti kisha unaupasia wa pili. Kwa kuwa zinakatika zote kwa pamoja, ile inayopokea ndiyo inayokosa mawimbi. Ingekuwa inakatika moja tu, ningeshuku mawasiliano ya zenyewe kwa zenyewe. Nahisi yako inapokelea kulia. Hamishia saa mkono wa kulia, kimbia njia ileile. Hata mwongozo wa saa za Garmin unashauri kujaribu mkono wa pili muunganisho ukiwa dhaifu.

Kuhusu bodaboda, hapo nakuunga mkono kwa nguvu zote. Za kuziba masikio usivae barabarani gizani, hata ziwe nzuri namna gani. Tafuta zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu, sikio linabaki wazi. Mfano Shokz OpenRun: gramu 26, chaji inakaa hadi saa 8, kiwango cha IP67 cha kuzuia vumbi na maji, na pande zote mbili zimeunganishwa kwa utepe unaopita nyuma ya kichwa, kwa hiyo hazidondoki na hakuna kupasiana sauti hewani. Besi yake ni nyembamba, na upepo wa baharini ukivuma maneno yanafifia. Kwa barabara yako hiyo ningekubali kupoteza besi.

Nusu_Marathoni:
Naongezea kwa ufupi. Ukiona IPX4 maana yake inavumilia matone na jasho, siyo kuzamishwa. IP67 inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ila jasho lina chumvi, futa sehemu ya kuchajia kila ukirudi, inaliwa na kutu pale.

Pia muziki wa kwenye saa unakula chaji sana. Saa ya Garmin Forerunner 245 Music, kwa takwimu za kiwanda, inaenda saa 24 na GPS, ukiweka na muziki inashuka hadi saa 6. Na kama unatumia Spotify, kupakua nyimbo kwenye saa kunahitaji akaunti ya kulipia.

Alfajiri_Msasani:
Mkuu FundiMasafa, ubarikiwe! Leo nimevaa saa kulia. Darajani zimekwaruza kidogo pale nilipogeuza kichwa kuangalia nyuma, basi, kwingine kote safi. Lakini pikipiki bado nazisikia zikiwa zimeshanifikia, kwa hiyo za mfupa nazitaka. Jumamosi naenda Kariakoo. Nikague nini?

FundiMasafa:
Nenda na saa yako, na kama huwa unakimbia na kofia au miwani, vaa, maana ule utepe unagombania nafasi nyuma ya sikio. Hakikisha waya wa kuchajia umo ndani ya boksi, matoleo mengi ya aina hiyo yana waya wake wa sumaku na wa simu hauingii. Kisha unganisha na saa palepale na umuombe muuzaji mtoke wote hadi nje, penye uwazi, ukimbie hatua chache huku mikono ikipunga. Ndani ya duka zote zitaimba.