Ushauri: Misikiti ya kale Kilwa Kisiwani, tukiwa na watoto na mama mwenye magoti mabovu

PwaniKwetu
Habari za saa hizi wakuu. Tunatoka Dar, watu wazima watatu na watoto wawili, miaka 8 na 11. Lengo ni Msikiti Mkuu. Kisiwani tuna siku moja tu, na mama hawezi mwendo mrefu juani. Tuanzie wapi, na watoto tuwaonyeshe nini wasichoke na kuta tupu?

Bamvua
Dar hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya km 300, kwa hiyo msifikirie kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Laleni Masoko, kibali na mwongozaji mvipate hukohuko kabla ya kuvuka.

Jambo linalosumbua wengi ni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, saa ileile wageni wengi wanapofika. Mashua ikishindwa kusogea ufukoni, mama atashuka kwenye maji na mawe yanayoteleza. Vukeni saa moja. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, hakuna shida hiyo. Mpigieni nahodha jioni ya kuamkia safari, msingoje asubuhi.

FundiChokaa
Ukiingia Msikiti Mkuu, usiwaache watoto wazurure kwanza. Wapeleke moja kwa moja upande wa kaskazini, penye mihrabu, kile kishubaka ukutani kinachoelekea Makka. Hiyo ndiyo sehemu kongwe, ya karne ya 11, ndogo, na paa lake lilikuwa bapa juu ya nguzo za mbao. Halafu geukeni kusini: ukumbi mkubwa wa kuba na matao, ulioongezwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipokuwa inapita Kilwa. Ndiye aliyempokea Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, mwaka 1331. Ukumbi huo uliporomoka, ukajengwa upya karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane mnazoziona leo.

Watoto watauliza kwa nini nguzo ni nyingi hivyo. Sababu ni boriti. Boriti ya mkoko, yaani mti wa kubebea dari, haivuki nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi, na mafundi wa pwani walizoea kupima nafasi kwa kipimo hicho. Mawe ya nakshi ni matumbawe laini: huchongwa yangali mabichi kutoka baharini, yakikauka huwa magumu. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo. Ndiyo maana tafadhali, mtoto asipande ukuta hata kwa picha. Plasta ikibanduka, mvua inaingia kwenye kiini cha ukuta na kipande kizima kinaanguka.

Mkunazini
Naongeza la watoto. Makka iko karibu kabisa kaskazini ya Kilwa, longitudo zao hazitofautiani hata nusu digrii. Wape dira ya simu mbele ya mihrabu, waone wenyewe jinsi mafundi wale walivyolenga kibla.

Kisha nendeni msikiti mdogo wa kuba, uko jirani. Angalieni juu ndani ya dari, kuna mashimo ya mviringo yaliyopachikwa bakuli za kauri. Kwangu mimi huo ndio mzuri kuliko yote kisiwani.

Kisiwa kina wenyeji Waislamu: mabega na magoti yafunikwe, kanga mbili za akiba zinatosha. Viatu vya kufunika vidole, matumbawe hukata.

PwaniKwetu
Ahsanteni sana. Na Husuni Kubwa, yale magofu ya jumba la sultani, mama ataweza?

Bamvua
Kwa mguu hapana, dada. Iko mashariki, juu ya genge. Mwambie nahodha awazungushe kwa mashua, watoto wapande na mtu mzima mmoja kuona birika la pembe nane, mama abaki kivulini na mwingine. Bebeni kiti cha kukunja na maji lita 2 kwa kila mtu mzima.