Furaha ya kazi za mikono hudumu vipi baada ya kazi kukamilika?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Nimekuwa nikidarizi vitambaa na kufuma kwa kulabu kwa muda sasa, na kazi yenyewe hunipa raha kubwa, hasa jioni ninapokaa na uzi mkononi hadi akili ikatulia. Linalonisumbua ni kwamba kitu kikishakamilika nakikunja na kukitia kabatini, na baada ya siku chache hakinigusi tena. Hata vitu vyangu vya kawaida, kama vile kikombe na shuka, navitumia bila kuviona. Wenzangu mnafanyaje ili furaha hiyo isiishie pale mnapokata uzi?

Jibu la 1

Ndugu muulizaji, vitoe kabatini uvitumie. Mwaka 1925 Yanagi Soetsu wa Japani, pamoja na wafinyanzi Hamada Shoji na Kawai Kanjiro, walianza kuviita mingei vyombo vya matumizi ya kila siku vilivyotengenezwa na mafundi wasiojulikana, na mwaka 1936 makumbusho ya vyombo hivyo yakafunguliwa Tokyo. Yanagi alishikilia kwamba uzuri wa chombo cha namna hiyo hutokana na kutumika kwake, nami nakubaliana naye kabisa. Kitambaa kikikaa mezani utaona rangi inavyopoa taratibu na utaitambua kona iliyokutesa ukaifumua. Kikiwa kabatini hakina la kukuambia.

Jibu la 2

Nakubali, ila ningeongeza ukarabati, kwa sababu ndio unaotufanya tuvione vile vitu ambavyo hatukuvitengeneza wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walionyesha kwamba watu huvithamini zaidi vitu walivyoviunda kwa mikono yao, lakini thamani hiyo hutoweka kazi isipokamilishwa au ikibomolewa. Kwa maoni yangu, shati ulilolitia kiraka mwenyewe nalo huwa lako kwa namna hiyo hiyo.

Jaribu na shuka hiyo ikichanika. Uzi wa kudarizia kwa kawaida huwa na nyuzi 6 nyembamba zinazoachana. Chukua 2, weka kiraka upande wa ndani, kisha piga bandi fupi fupi kuzunguka tundu bila kuvuta sana, maana uzi ukikazwa kitambaa hujikunja na kiraka hakitalala. Chagua rangi inayoonekana. Sioni sababu ya kuficha kazi njema.

Jibu la 3

Angalizo langu ni fupi: watu wakianza kukuhimiza uuze, usiharakishe. Kuuza si kosa, lakini mtu anayefuma kwa ajili ya oda hufuma anachotaka mwingine, kwa muda aliopangiwa, na raha unayoieleza huenda isistahimili hayo.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nitaanza na kitambaa cha meza chenye maua mekundu, ingawa nahofia kitachuja kikifuliwa.

Jibu la 2

Lowesha kipande cha kitambaa cheupe, kikamue, kisha kibonyeze juu ya maua hayo kwa dakika chache. Kikibaki cheupe, fua kwa mkono katika maji baridi na sabuni kidogo. Kikipata wekundu, tandika kitambaa chako mezani hivyo hivyo, lakini kikichafuka ufute doa peke yake badala ya kukiloweka chote.