Naomba ushauri: Ngosi, Daraja la Mungu au Kimondo, nikiwa na watoto na bibi Desemba

MamaWawili
Wakuu, habari zenu. Desemba shule zikifungwa tutakuwa Tukuyu kwa bibi yao watoto, tukitokea Makambako. Mkubwa yuko kidato cha pili, anasoma volkano na bonde la ufa kwenye Jiografia, na kila siku ananiuliza kasoko, lile shimo la juu ya volkano, inafananaje. Nataka aione kwa macho yake. Mdogo ana miaka 8. Bibi naye anatamani kwenda, ila magoti yanamsumbua. Gari ni dogo, siku za kuzunguka mbili tu. Nimeandika Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na Kijungu huko Mto Kiwira, Hifadhi ya Kitulo yenye maua, na Kimondo cha Mbozi. Vitawezekana? Na mvua je?

Mwana_Rungwe
Dada, punguza. Kitulo na Kimondo viko pande mbili tofauti, siku zote zitaishia barabarani. Volkano mnazo hapo hapo, barabara ya Uyole–Tukuyu.

Ngosi nendeni asubuhi sana. Mnachepukia Isongole. Kama usiku mvua imenyesha, gari liacheni karibu na lami, ile njia ya udongo si ya gari dogo. Msituni ni kupanda kwa mguu, na karibu na juu pana mwinuko wa kushika mizizi. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza. Mkitokeza ukingoni ndipo mnaliona ziwa, liko chini kabisa, kuta za msitu zimelizunguka pande zote. Kijana asitafute kilele pale: mlima ulilipuka, sehemu ya juu ikadidimia, shimo likajaa maji. Hakuna mto unaotoka humo. Muulize maji yanakwenda wapi, umwache afikiri. Kushuka hadi majini na mtoto wa miaka 8, hapana. Na ukungu ukitanda hamtaona chochote, ndiyo maana nasema asubuhi.

Njiani mtauona Mlima Rungwe, karibu mita 3,000, nao ni volkano. Misitu yake ni mojawapo ya makazi ya kipunji, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu. Najivunia sana mlima ule.

Kiwira_Juu
Daraja la Mungu ndilo la bibi, gari linasogea karibu. Lava iliganda, Mto Kiwira ukala mwamba kwa chini hadi ukapata njia, juu pakabaki daraja. Kijungu kiko eneo la Chuo cha Magereza, kwa hiyo mnaomba ruhusa getini. Beba kitambulisho, na kabla ya kupiga picha uliza. Pale maji yanazungusha mawe hadi yamechimba chungu ndani ya mwamba. Naomba mtoto ashikwe mkono muda wote! Mawe yana utelezi, mto wa Desemba una nguvu, na kinachotumbukia kinaingia chini ya mwamba.

Mwl_Vwawa
Mimi sikubali Kimondo kiachwe. Karibu chote ni chuma, chenye nikeli kidogo, urefu kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 12, wengine huandika 16. Hakikutoka ardhini kama hayo mengine, kilianguka kutoka angani. Mwanafunzi akikigusa hasahau. Halafu ni tambarare, bibi anafika bila shida. Barabara ya Tunduma, kisha mnakata kushoto. Siku hizi ni mkoa wa Songwe, usiulizie Mbeya.

MamaWawili
Asante Mwalimu, umenishawishi, siku ya pili ni ya Kimondo. Ila Kitulo inaniuma, nasikia maua huanza Desemba.

Mwana_Rungwe
Huanza kweli, yanaendelea hadi Aprili. Lakini nyie ni wa Makambako, Chimala mnaipita kila mkija huku. Siku nyingine pandieni hapo kwenda Matamba, zile kona 57, na gari la juu. Msiifanyie haraka.

MamaWawili
Sawa kaka. Siku ya Ngosi bibi nimwache wapi?

Kiwira_Juu
Alale nyumbani asubuhi hiyo. Mkishaanza kushuka, mpigieni apande daladala ya Tukuyu hadi Kiwira, mkutane naye stendi, muende wote darajani.

MamaWawili
Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa! Na viatu?

Mwana_Rungwe
Raba zenye meno, si kandambili. Na masweta, Isongole alfajiri ni baridi hata Desemba.